Kusomea udaktari kwa chuo cha kibinafsi hapa Kisumu: mwongozo kamili, na kwa nini uulize wodi kabla ya karo

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka tu, simu zinaanza. Mzazi wa Siaya, mwingine wa Vihiga, mwingine hapa tu Mamboleo, na swali ni lile lile: mtoto amepata B plus, udaktari wa vyuo vya serikali umemponyoka, kuna chuo cha kibinafsi hapa town kimekubali kumchukua, karo ndiyo hii, sasa nilipe ama nisilipe? Mimi ni nesi. Wanafunzi wa vyuo tofauti tofauti wanapitia wodini kwetu kila rotesheni, nawaona wakija hawajui kushika mkono wa mgonjwa na nawaona wakienda, na kwa hivyo mzazi akiniuliza mambo ya karo mimi namrudishia swali, huyo mtoto ataonea wagonjwa wapi? Wengi hawajawahi kuuliza. Wameona geti, wameona jengo la gorofa na bango lenye kijana wa stethoskopu shingoni, wakaridhika.

Basi nimeamua kuandika yote mahali pamoja, hatua kwa hatua. Ni marefu kidogo, lakini ni miaka sita ya maisha ya mtu na pesa ya shamba, kwa hivyo vumilia usome hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: jua ni kozi gani mnaongelea

Huku kwetu kila mtu mwenye koti jeupe ni daktari, na hapo ndipo watu huanza kupotea. Chuo cha udaktari hakifundishi madaktari peke yao. Ukifungua orodha ya kozi utapata MBChB, ambayo ndiyo ya daktari mwenyewe, miaka sita darasani na wodini alafu mwaka mmoja wa intanshipu, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Utapata digrii ya Clinical Medicine, miaka minne na intanshipu mwaka mmoja, na huyo akimaliza anakuwa afisa wa kliniki, yaani CO. Kuna uuguzi, miaka minne na intanshipu pia. Kuna famasia, mitano na intanshipu. Alafu maabara, afya ya jamii, lishe, rekodi za afya, na chini yake diploma na vyeti.

Sasa sikiliza, ju hii imelizisha watu: Clinical Medicine si MBChB. Majina yanafanana, vitabu vinafanana kiasi, hata koti ni lile lile, lakini huyu anasajiliwa na baraza la maafisa wa kliniki na yule anasajiliwa na KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno. Kuna mzazi anaeza kulipa miaka miwili akidhani anasomesha daktari, kumbe anasomesha CO, na hakuna aliyemdanganya, ni yeye tu hakusoma barua ya kuitwa hadi mwisho. Na sisemi CO ni mdogo, enyewe vituo vingi vya afya huku mashambani bila CO na nesi vingefungwa kesho. Nasema tu ujue unalipia nini.

Kila kozi na mwenyewe. Uuguzi ni Nursing Council of Kenya, famasia ni Pharmacy and Poisons Board, maabara ni KMLTTB, COs wako na Clinical Officers Council. Andika hayo majina mahali, utayahitaji hatua ya tatu.

Hatua ya pili: gredi, bila kujidanganya

Digrii yoyote Kenya inaanzia C plus ya jumla. Lakini kwa MBChB hiyo haitoshi, inatakiwa B plain kwa jumla na B plain tena kwa masomo ya klasta: bayolojia, kemia, hesabu ama fizikia, na Kiingereza ama Kiswahili. Mtoto anaeza kuwa na B plus safi kwa jumla lakini kemia iko C plus, na hapo mlango umefungwa, hata chuo kiwe cha kibinafsi cha namna gani. Kama kuna mtu wa ofisi ya usajili anakwambia "hiyo tutaangalia vile tutafanya", shukuru kwa heshima uondoke, manake ataangalia hadi akupokee karo alafu siku ya baraza kuuliza cheti cha KCSE yeye hatakuwepo.

Vyuo vya serikali huchukua kutoka juu, alama za klasta huhesabiwa kwa jumla ya 48 na udaktari hujaa na wale wa A na A minus. Ndiyo sababu hawa wa B na B plus wanajikuta kwa vyuo vya kibinafsi, si ati ni wajinga. Wengine nimewaona wodini wakiwa wazuri kushinda wale wa A.

Kama gredi haifiki, kuna njia ya kuzunguka, diploma ya uuguzi ama ya Clinical Medicine kwanza, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inachukua kuanzia C plain na masharti yake ya masomo, alafu baadaye mtu anapanda. Ni njia ndefu. Lakini watu wameipita, na wanafika wakijua kazi tayari.

Hatua ya tatu: karatasi za chuo

Hapa Kisumu chuo cha kibinafsi kinachojulikana kwa udaktari ni Uzima, cha Kanisa Katoliki, kina MBChB, uuguzi na Clinical Medicine. Nakuru kuna Kabarak, nje kidogo ya mji ukienda upande wa Eldama Ravine, nacho ni cha kibinafsi na kina shule ya udaktari. Vya serikali vya karibu ni Maseno, Moi kule Eldoret, Masinde Muliro pale Kakamega, Kisii, na Egerton ya Nakuru. Lakini usichukue jina kutoka kwangu wala kwa jirani wala kwa mtu wa kanisa, nenda uangalie mwenyewe, ju idhini hupewa, na idhini hunyang'anywa.

Kuangalia ni hivi. Ingia websaiti ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, uone chuo kiko na chata, yaani idhini kamili, ama kiko na barua ya mamlaka ya muda. Zote mbili zinaruhusu kufundisha, lakini ya muda maanake bado wanatazamwa. Alafu, na hii ndiyo watu wengi huruka, ingia websaiti ya KMPDC utafute orodha ya shule za udaktari zilizoidhinishwa. CUE inakubali chuo na kozi. KMPDC ndiyo inaamua kama hiyo digrii itakufanya daktari. Chuo kinaeza kuwa na chata safi kabisa na bado shule yake ya udaktari haijakubaliwa na baraza. Fanya hivyo hivyo kwa uuguzi na baraza lake, kwa famasia na bodi yake.

Ukiangalia hiyo orodha, tazama vitu viwili. Kozi yenyewe, si chuo. Na kampasi yenyewe, si makao makuu, manake chuo kinaeza kuwa na idhini ya udaktari kwa kampasi moja na kwa kampasi ya mji mwingine kinafundisha biashara na ualimu tu. Ukikosa kuelewa, piga simu baraza, ama uandike imeili ujibiwe kwa maandishi, ihifadhi. Neno "tuko kwa harakati za kupata idhini" likitajwa mahali popote, hiyo maanake hakuna idhini. Usingoje nao.

Kitu ingine, baraza likikagua shule huangalia wahadhiri, maabara na hospitali, alafu linasema mchukue wanafunzi wangapi. Uliza darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi na waliruhusiwa wangapi. Uliza pia kama wanafunzi wao wameandikishwa na baraza, kuna kitu kinaitwa indeksi, mwanafunzi wa udaktari anapewa namba na baraza akiwa bado shuleni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hajui namba yake ya indeksi anakuambia kitu kuhusu ofisi ya chuo chake.

Wale wanaofikiria Kampala, najua mko wengi ju kupanda basi hapa na kuvuka Busia ni rahisi na karo ya huko inavutia. Sheria ni ile ile. Mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua shule kwa pamoja, kwa hivyo angalia kama shule hiyo iko kwa orodha yao kabla ya kuvuka. Akienda mbali zaidi, nje ya Jumuiya, akirudi atafanya mtihani wa baraza kabla hata ya kupewa intanshipu, na huo mtihani umewakwamisha wengi.

Hatua ya nne: wodi

Sasa tumefika mahali pangu. Udaktari hausomewi kwa gorofa yenye vioo. Miaka miwili ya kwanza, sawa, iko darasani na maabara. Kutoka hapo mwanafunzi anaishi hospitali, na chuo cha kibinafsi mara nyingi hakina hospitali yake kubwa ya kutosha, kinakopa. Kinafanya mkataba na hospitali ya kaunti, ama ya misheni, ama hospitali ya rufaa. Kwa hivyo unapolipa karo ya mwaka wa tatu kwenda juu, nusu ya kile unanunua ni ruhusa ya mtoto wako kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa mtu mwingine. Uliza hiyo ruhusa iko wapi.

Maswali yenyewe, na uyaulize kwa ofisi ya mkuu (dean) wa shule ya udaktari, si kwa watu wa matangazo:

Hospitali gani, na mkataba unaisha lini? Hospitali za kaunti zikibadilisha uongozi mikataba hutazamwa upya, na wanafunzi wanaeza kuambiwa wakae nyumbani mpaka wakubwa waelewane. Nani mwingine anatumia hizo wodi? Hapa kwetu JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaita Russia ju Wasovieti ndio waliijenga, ndiyo hospitali ya kufundishia ya Maseno, na ongeza wa KMTC, na wauguzi, na maintani. Mgonjwa ni mmoja, tumbo ni moja, na mikono ya kuliguza ni mingi. Mwanafunzi wa kumi na nane kwa foleni haguzi wengu, anaambiwa lilivyo.

Nani anawasimamia? Hii uliza mara mbili. Mji kama Kisumu una madaktari bingwa, na hiyo ndiyo faida ya kusomea mjini, lakini bingwa huyo huyo yuko na kliniki yake Milimani, ana zamu ya kaunti, na anafundisha vyuo viwili. Uliza chuo kina wahadhiri wangapi wa kudumu kwa kila idara kubwa: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Kama idara ya upasuaji ni mtu mmoja wa kupita Jumanne na Alhamisi, basi wanaofundisha ni maintani na sisi manesi. Tunafundisha vizuri, lakini si sisi umelipa.

Wanaenda rotesheni za nje? Siaya, Kakamega, Homa Bay, hospitali za misheni. Hapo ndipo mtoto hujifunza kazi, manake hakuna foleni ya makoti, na daktari mmoja akishinda usiku kucha anashukuru kupata mtu wa kumshikia. Vyuo vizuri hupeleka wanafunzi vijijini mapema. Moi walijenga jina lao kwa mpango wao wa COBES, wa kusomea kwa jamii, tangu walipoanza kuchukua wanafunzi wa udaktari 1990. Uliza chuo chako kina kitu kama hicho, na nani analipa nauli na malazi.

Alafu fanya hivi, ni bure. Chagua siku ya kazi, fika hiyo hospitali asubuhi wakati wa raundi ya wodi, usimsumbue mtu, kaa tu kwa benchi la nje kama mtu amekuja kuona mgonjwa. Hesabu makoti yanayoingia kwa kitanda kimoja. Angalia kama kuna mkubwa anawauliza maswali ama wamesimama tu wakitazama simu. Saa nane mchana angalia tena, wako ama wameyeyuka? Wakitoka kununua chapati na madondo nje ya geti, wasalimie, uwaulize: mmezalisha akina mama wangapi mpaka sasa, lojibuku zenu, vile vitabu vya kuandika kazi mliyofanya, anasaini nani, mlikosa rotesheni lini mara ya mwisho. Wanafunzi hawajui kuficha. Dakika ishirini na wao zitakupa kile brosha haina.

Kwa ugonjwa, hatuna upungufu. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, una seli mundu kuliko sehemu nyingi za nchi, una HIV na TB, akina mama wanafika leba wakiwa wamechelewa, na boda boda hazijawahi kupumzika, Kondele peke yake inaeza kufundisha mtu mifupa. Daktari aliyesomea huku anamjua mtoto mwenye malaria kali kabla hata maabara ijibu. Hiyo ni mali, na ni sababu nzuri ya kusomea Kisumu badala ya kukimbilia Nairobi.

Hatua ya tano: miaka sita yenyewe iko aje

Mwaka wa kwanza na wa pili ni anatomia, fiziolojia, biokemia, na ndugu zao. Anatomia ndiyo huwapiga. Kuna maiti ya kusomea, kuna harufu ya fomalini ya kutoa machozi, kuna majina elfu na zaidi ya kukariri. Uliza wanafunzi wangapi kwa maiti moja. Uliza pia kama wanaipasua kweli ama wanasoma kwa vielelezo vya plastiki na video, vyuo vingine sasa vimehamia huko na mimi sina raha na hilo.

Mwaka wa tatu unaingia patholojia, mikrobiolojia, famakolojia, na hapo wodi inaanza kidogo kidogo, kuuliza mgonjwa historia, kupima. Wa nne na wa tano ni rotesheni, idara moja baada ya nyingine, pamoja na zile ndogo za macho, masikio na koo, akili, mifupa, ganzi, picha. Wa sita unarudi kwa zile idara kubwa nne ukiwa karibu daktari, unashika zamu za usiku.

Mpangilio hutofautiana kidogo chuo na chuo, lakini kitu kimoja hakitofautiani: ukianguka somo unafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ukianguka sapu unarudia mwaka. Na kwa chuo cha kibinafsi kurudia mwaka ni kulipa mwaka. Soma sheria za mitihani kabla ya kusaini kitu chochote, ziko kwa kitabu cha wanafunzi, waombe nakala. Kuhama chuo katikati usikutegemee pia, vyuo vingine havitakubali miaka uliyosoma kwingine na utaambiwa uanze chini.

Hatua ya sita: pesa

Chukua karatasi ya karo ya miaka yote sita, si ya semista ya kwanza. Tuseme semista ni laki mbili na nusu, mwaka una mbili, hiyo ni nusu milioni, mara sita ni milioni tatu, na hujala, hujalala, hujapanda tuktuk. Uliza karo hupandishwa kwa wale walio ndani tayari ama kwa wapya tu, na upate jibu kwa maandishi. Uliza ada za pembeni: indeksi, maabara, hospitali, mitihani, bima, mahafali. Miaka ya kliniki huwa na ada ya hospitali ambayo mwaka wa kwanza haikuwa, na ndiyo huangusha familia, manake inakuja wakati ng'ombe wameshaisha.

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, wanakopesha wanafunzi wa vyuo vya kibinafsi pia, lakini tangu mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 mwanafunzi wa chuo cha kibinafsi hapati ile skolashipu ya serikali, ni mkopo tu. Mkopo haufiki karo yote. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti iko, omba zote, kila mwaka, lakini usiziweke kwa bajeti kama kwamba ziko mfukoni, hesabu kama kwamba hazitakuja. Na harambee, jameni, harambee ya mwaka wa kwanza hujaa watu hadi viti vinakodishwa, ya mwaka wa nne wanakuja shangazi wawili. Kama ukoo unataka kusaidia, bora kila mtu aahidi kidogo kila semista hadi mwisho, muandike, mweke hazina mmoja.

Lipa kwa akaunti ama namba ya Paybill yenye jina la chuo, uihakikishe kwa barua yao rasmi na kwa ofisi ya fedha. Hakuna ajenti wa udaktari. Mtu akikuambia anajua mtu wa kukupatia nafasi kwa elfu hamsini ya haraka, huyo ni mwizi, hata kama mnasali kanisa moja.

Hatua ya saba: kuomba nafasi

Njia ni mbili. Moja ni KUCCPS, shirika la serikali la kupangia wanafunzi vyuo, kozi za vyuo vya kibinafsi pia ziko kwa potali yao, na ukifungua unaona alama za waliochukuliwa mwaka uliopita na gharama, hata kama huombi kupitia huko ni mahali pazuri pa kulinganisha. Ya pili ni kwenda chuoni moja kwa moja kama mwanafunzi wa kujilipia. Andaa matokeo, cheti cha kumaliza shule, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kama kipo, picha. Hakikisha majina yanafanana kila mahali, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto ni Achieng kwa cheti cha kuzaliwa, Akinyi kwa cheti cha shule, na Mercy kwa kitambulisho, na hiyo itamsumbua hadi siku ya kusajiliwa baraza. Tengeneza sasa.

Usiache diploma za wengine zikakutisha kwa usaili, wakikuita. Wataka tu kujua kwa nini udaktari. Na mzazi tafadhali, ukiandamana naye mwache ajibu mwenyewe. Kama ni wewe umetaka udaktari na yeye alitaka kupika ama kuchora, itaonekana mwaka wa pili, na itakuwa imeshakula milioni.

Hatua ya nane: kuishi na kusoma hapa mjini

Miaka ya kwanza kaa karibu na chuo. Ikianza rotesheni, hamia karibu na hospitali, hata bedsita iwe ndogo, ju zamu inaisha saa nne usiku na boda ya usiku si ya kutegemea, hasa kwa msichana. Hosteli ya chuo uliza kama inafunguliwa usiku huo. Nunua neti ya mbu kabla ya godoro.

Chanjo ya hepataitisi B, hii usisahau. Ni sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, kwa hivyo aanze mwaka wa kwanza, asingoje siku ya kuingia wodi. Na afundishwe hili mapema: ukijidunga na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, osha kwa sabuni na maji, usikamue, toa ripoti hapo hapo, dawa za PEP, za kuzuia HIV, zinatakiwa haraka iwezekanavyo na lazima ndani ya saa 72, unameza siku 28. Wanafunzi huficha kwa aibu, wanaogopa kugombezwa. Nimewakimbiza wengine mwenyewe hadi kliniki huku wakisema "sista ni kakitu kadogo tu".

Vifaa visikumalize. Koti mbili, fundi wa Kibuye atakushonea vizuri kwa bei ya chini kuliko duka la vifaa vya hospitali. Stethoskopu ya bei usinunue mwaka wa kwanza, haina kazi, na zile za jina kubwa zinazouzwa rahisi mtaani nyingi ni feki. Vitabu, uliza waliotangulia, wanavyo vyote kwa flashi.

Na muulizeni mtoto mara kwa mara yuko aje, si amepata ngapi. Hii kozi huvunja watu kimya kimya. Uliza chuo kama kina mshauri, na kama anapatikana bila kupitia kwa mkuu wa shule.

Hatua ya tisa: baada ya mahafali

Watu hudhani akivaa joho imeisha. Kuna mwaka mmoja wa intanshipu kwa hospitali iliyokubaliwa na baraza, anapangiwa na wizara, anaeza kutumwa Lodwar ama Voi. Bila huo mwaka hasajiliwi na hawezi kufanya kazi kama daktari kamili. Na kupangiwa huchelewa. Mmeona wenyewe 2024, mgomo wa madaktari wa siku 56, na moja ya vita ilikuwa maintani, serikali ikitaka kuwalipa elfu 70 na chama kikisema mkataba wa 2017 ni zaidi ya laki mbili. Waliokuwa nyumbani wakingoja barua walingoja miezi na miezi, wengine wanauza mitumba, wengine wamerudi kulima.

Kwa hivyo kwa ile bajeti yako ongeza mstari mmoja, pesa ya kumlisha mtu mzima aliyehitimu na hana mshahara, tuseme mwaka mzima. Akipata barua ya intanshipu atahitaji nauli, nyumba ya kukodi na chakula kabla mshahara wa kwanza ufike, na huo pia huchelewa. Akimaliza, anapeleka karatasi zake KMPDC, analipia usajili na leseni, na leseni anaifanya upya kila mwaka. Jina lake likishaingia kwa rejista ya baraza unaeza kulitafuta mwenyewe onlaini, ukiwa umekaa tu nyumbani.